Mpiga chapa wa Busia na jina la senge lililozidi kupungua

Saa tatu asubuhi, upande wa Uganda wa mji wa Busia, Jovia Taaka anaandika ratiba ya sherehe huku watu wawili wakimpumulia shingoni. Mmoja ni mzee Oguttu wa Bulumbi, ambaye binti yake Patience anamleta mchumba nyumbani Jumamosi. Mwingine ni Prossy, dada wa mzee, na kwa hiyo senge wa binti, yaani shangazi. Katika sherehe hii senge ndiye mwenye neno. Hata wageni hawakai mpaka awaruhusu.

"Wewe andika tu, sisi tunaangalia," Prossy anasema. "Safari hii hatulali."

Taaka, 41, anajua anaambiwa nini. Mwezi Juni kompyuta yake iliganda asubuhi ya mazishi huko Bulumbi. Ratiba ya ibada ilikuwa ndani, na ndani ikabaki. Mchungaji akaongoza kwa kubahatisha, akasahau kuwaita wakwe.

Tangu siku hiyo watu wa Bulumbi, waliokuwa nusu ya wateja wake, hupita mbele ya kibanda chake wakitazama ng'ambo ya barabara kana kwamba kuna harusi. Pato lake likashuka kutoka Sh30,000 za Uganda kwa siku hadi Sh12,000. Yeye mwenyewe hajakanyaga Bulumbi tena.

"Hata nyanya sokoni nilikuwa nanunua haraka haraka, kama mwizi," anasema na kucheka.

Mzee Oguttu ndiye wa kwanza kurudi. Kazi hii nayo ikiharibika, hakuna atakayemfuata.

Dawa Taaka ameipata kwa Caro, mwenye duka la intaneti upande wa Kenya. Ni programu ndogo ya bure inayogawa kioo mara mbili. Kushoto unaandika maneno matupu. Kulia unaona papo hapo ukurasa utakavyotoka. Ukitaka kichwa cha habari, unaweka alama ya reli, #, mbele ya mstari. Ukitaka neno likolee, unaliwekea nyota mbili mbili huku na huku.

"Caro aliniambia, 'Dada, hii ni rahisi, hata wewe utaweza.' Hiyo 'hata wewe' ilinikaa rohoni," Taaka anasema. "Wiki ya kwanza nilimwaga nyota kila mahali. Ukurasa mzima ukakolea, ukawa kama unapiga kelele."

Leo shida si nyota. Prossy ameinama mpaka pua inakaribia kioo, upande wa kushoto. Ameona jina la Odoi, msemaji wa ukoo, lina alama moja ya reli. Lake lina mbili.

"Hapo sawa. Lakini mimi ndiye senge. Ongeza."

"Senge, ukiongeza hizi..."

"Nimesema ongeza!"

Taaka anaongeza ya tatu. Kulia, jina linasinyaa. Prossy, macho kushoto, anadai ya nne. Linasinyaa tena.

"Dada," mzee Oguttu anasema, akikohoa ili asicheke, "wewe unakwenda unaisha."

Prossy anageukia kulia. Anajitafuta. Anajiona chini ya Odoi, mdogo kama punje ya mtama.

"Nani amenifanya hivi?"

"Ni wewe, senge. Alama moja ndiyo kubwa. Zikizidi, mtu anapungua."

"Sasa ulikuwa unangoja nini kusema? Toa! Acha moja!"

Anazitoa, jina linavimba, na papo hapo umeme unakatika. Betri ya kompyuta ilikufa zamani. Kioo cheusi.

Mzee Oguttu anachukua kofia yake. "Juni imerudi," anasema taratibu.

Taaka anachomoa flashi, anaichomeka kwenye simu yake kwa kiwaya kifupi. Siku hizi kila kazi anaiandika humo humo, na programu inahifadhi yenyewe kila baada ya sekunde chache. Kwa kuwa ni maneno matupu, hata simu ile yenye kioo kilichopasuka inayafungua.

Mzee anavaa miwani. Anasoma sala, wimbo, utambulisho, chakula, mpaka mstari wa mwisho.

"Yote yamo," anasema, na kofia inarudi mezani.

Umeme unarudi saa sita. Printa inatoa nakala sitini, jina la senge likiwa sawa kwa ukubwa na la Odoi. Odoi hajaulizwa.

"Jumamosi zilete mwenyewe," mzee anamwambia Taaka. "Watu wakuone."

Taaka anapanga kununua betri, kisha awafundishe programu hiyo wapiga chapa wawili wa Kisoko. Ila Bulumbi kwanza.

"Nitashukia kanisani, nitembee kwa miguu mpaka kwa mzee," anasema. "Atakayenisalimia nitampa karatasi moja. Asiyenisalimia nitampa mbili."