Babu Profesa na Yule Tuliyemwita Baba Mdogo

Simu ilinikuta nyumbani kwangu Ilomba, nimekaa kwenye kigoda napepeta mchele wa Chimala. Aliyepiga alikuwa kijana, mhadhiri wa chuo kimoja huko Iringa, mwenye adabu nyingi mpaka nikamwonea huruma.

"Shikamoo mama. Tumekamilisha ukumbi mpya wa mihadhara, na kamati imeamua uitwe kwa jina la marehemu Profesa, babu yako. Tunaomba mtu wa familia aje atoe neno la shukrani."

Machozi yalinilengalenga. Babu yangu alikuwa miongoni mwa wenyeji wa mwanzo kabisa wa nchi hii kufundisha falsafa chuo kikuu, na kwa miaka mingi ilikuwa kama vile hakuwahi kuzaliwa. Nikamshukuru yule kijana, nikamwombea baraka. Ndipo akaongeza, kwa furaha kabisa: "Na mgeni rasmi atakuwa yule mzee aliyekuwa mwanafunzi wake mpendwa. Ndiye atakayesoma wasifu."

Nikaweka ungo chini. Nikamwambia nitakuja bila kukosa.

Ngoja nikupeleke Igowole kwanza, kijijini kwa Babu, rafiki yangu, maana bila Igowole utadhani mimi ni mwanamke mwenye roho mbaya tu.

Sisi wajukuu tulipelekwa huko kila shule zilipofungwa. Kama hujaonja baridi ya Mufindi, sijui nikuelezeje. Asubuhi unatoka nje, kuku wamejikunyata kwenye majivu ya jiko, na ukungu umeingia mpaka sebuleni kama mgeni asiyebisha hodi. Tulivaa masweta mawili mawili. Bibi alifukia viazi kwenye majivu ya moto, ukikipasua kimoja mvuke unakupiga usoni, unakinyunyizia chumvi, unakila huku unakirusharusha mkononi. Kazi zetu zilikuwa kuteka maji bondeni, kuchuma maua ya pareto na kuyaanika kwenye majamvi jua likichomoza, na kuyakimbiza ndani mvua ikitishia. Msimu wa mapichesi tulikula mpaka matumbo yakauma, na Bibi akatuchemshia majani machungu bila kutupa pole.

Babu alikuja na yeye likizo, kutoka mjini alikofundisha. Alikuwa mtoto wa mkulima wa pareto wa hapohapo. Wamisionari walimsomesha, akavuka bahari, akarudi na kitu ambacho pale kijijini hakuna aliyekijua. Jirani yetu, mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, alimuuliza kila mwaka swali lilelile: "Profesa, hiyo falsafa yako inaponya nini?"

"Haiponyi, jirani," Babu alijibu. "Inawasha."

Wakacheka wote wawili, maana jirani alifikiria upupu na Babu, nadhani, alifikiria taa.

Chuoni, nilivyokuja kusimuliwa na waliomsikiliza, alikuwa moto. Wakubwa zake waliamini Kiswahili hakina maneno ya kubebea fikra nzito. Yeye akaanza kufundisha kwa Kiswahili, bila karatasi, anatembea huku na huku na mikono nyuma, na wanafunzi wa sheria na udaktari wakawa wanatoroka vipindi vyao kuja kumsikiliza wakiwa wamekaa madirishani. Hakuandika kitabu. Alisema ataandika akistaafu, akikaa Igowole na Bibi akimletea chai.

Na likizo zote alikuja na wanafunzi. Nyumba ilijaa. Bibi alipika kande kwenye sufuria la msiba, alivyokuwa akiliita, kwa ukubwa wake. Mmoja wao alikuja kuliko wote. Alitoka nchi ya joto, na mara ya kwanza alifika amevaa shati jepesi, midomo imepauka kwa baridi. Bibi aliingia chumbani, akatoka na koti la Babu la sufu, akamvalisha mwenyewe na kumfunga vifungo kama mtoto. "Kamwene, mwanangu," akamsalimia kwa kikwetu, na tangu siku hiyo akawa mwanawe kweli. Alipewa chumba cha mbele, chenye godoro la sponji na blanketi jekundu. Kuku akichinjwa, firigisi ambayo ni haki ya mwenye nyumba Babu aliichukua na kuiweka kwenye sahani ya kijana huyo. Sisi watoto tukaambiwa tumwite Baba Mdogo. Alitubeba mabegani. Nami nilimpenda, sikufichi.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito mpaka huoni zizi. Babu akatukusanya barazani, watoto na wanafunzi wote pamoja. Akanyoosha kidole upande ambao siku zote ulionekana mlima.

"Mlima umekwenda wapi?"

Wanafunzi wakaanza kutaja majina ya wazungu. Babu akawanyamazisha kwa mkono. Akanigeukia mimi, akachuchumaa ili macho yetu yawe sawa. "Wewe unasemaje, mama?"

"Mlima haujaenda popote, Babu. Ni sisi tumefunikwa."

Hakucheka. Akawaambia wale wakubwa: "Haya. Anzieni hapo." Wakabishana mpaka chai ikapoa. Baba Mdogo alikuwa amekaa karibu yangu, ndani ya koti la Babu, na alinipapasa kichwa.

Sasa sikiliza kilichotokea. Zilikuja zile nyakati ambazo mtu aliangalia kushoto na kulia kabla ya kusema. Darasani Babu aliuliza swali moja: mtu akikuamuru bila kukupa sababu, ukatii, umemtii yeye au umeogopa fimbo yake? Swali hilo likafika mahali ambapo halikutakiwa kufika. Babu akaitwa kwenye kikao. Hakuwa na wasiwasi. Wanafunzi wake walikuwepo, wangeeleza kwamba lilikuwa swali tu. Aliyesimama kusema alikuwa Baba Mdogo, wakati huo msaidizi wake. Akasema Profesa anawafundisha vijana kudharau viongozi. Akasema hata nyumbani kwake Igowole huwakusanya barazani na kuwatia maneno hayo. Wiki hiyohiyo Babu aliondolewa kazini. Muhula uliofuata, nafasi yake akapewa Baba Mdogo.

Babu alirudi juu ya lori la mbolea, vitabu vyake vimefunikwa turubai. Tulikuwa tumeanika pareto uani. Bibi alimpokea, akampa maji ya kunawa, akamtazama anavyokunywa uji. Ndipo akauliza.

"Nani?"

"Mtoto wetu," Babu akasema. Hakutaja jina, na hakukuwa na haja.

Bibi hakulia. Aliinuka akaenda chumba cha mbele, akalitoa lile blanketi jekundu, akalitandika kwenye banda la mbuzi. Akarudi, akaendelea kugeuza pareto.

Babu aliishi miaka mingine Igowole akilima viazi. Watoto wa kijiji waliendelea kuja barazani mchana, naye aliwauliza maswali yake, lakini sauti ilikuwa imepungua, na mara nyingine alisahau swali katikati akabaki anatazama mashamba ya chai. Kitabu hakukiandika. Mikono ilikuwa na nguvu za jembe, kwa kalamu ikagoma. Baridi ikamwingia kifuani, na masika moja tukamzika. Wanafunzi wake wa zamani walikuja kutoka kila pembe, wengine wameshakuwa watu wazito, wakachota udongo kwa mikono. Baba Mdogo hakuja, wala hakutuma salamu. Bibi alikaa kwenye mkeka akiwahesabu waombolezaji kwa macho, na jioni akaniita. "Uso wa yule asiyekuja usiusahau. Mimi nitakufa. Wewe ubaki nao."

Niliposoma chuo, nilikutana na kitabu cha Baba Mdogo, kile kinachosomeshwa mpaka leo. Kinaanza na asubuhi ya ukungu. Anaandika kwamba baba yake mzazi, kijijini kwao, alimuuliza mlima umekwenda wapi, na yeye, mtoto mdogo, akajibu kwamba mlima haujaenda popote ila sisi tumefunikwa. Kijijini kwao, rafiki yangu, ni nyanda tambarare na jua. Nilikifunga kile kitabu. Alikuwa amemchukua Babu, akachukua mlima, akanichukua na mimi. Tangu siku hiyo nilimsubiri.

Siku ya kwenda Iringa, mama yangu, ambaye ndiye binti wa Babu, alinishika mkono mlangoni. "Yule sasa ni mzee. Mwachie Mungu."

"Mungu ana kazi nyingi, mama. Hii nitamsaidia."

Ukumbi ulijaa. Yeye alikuwa mstari wa mbele, na kwa jinsi alivyokuwa amezeeka, kwa dakika moja nilimwonea huruma. Mkongojo, mabega yameanguka, mjukuu wake amemshika kiwiko. Kisha akapanda jukwaani, akasema, "Profesa alikuwa baba yangu." Akasimulia koti. Akasimulia firigisi. Watu wakafuta machozi. Akasema hakuna aliyehuzunika kama yeye Profesa "alipostaafu mapema kwa sababu za kiafya." Ile huruma ikanitoka yote.

Wakaniita nitoe shukrani. Nilishukuru kamati, nilimshukuru mkuu wa chuo. Halafu nikamgeukia, nikapiga goti kidogo, kama nilivyofundishwa.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

Aliinua kichwa. Nadhani hapo ndipo aliponitambua. "Marahaba, binti yangu," akasema, na sauti haikumtoka vizuri.

"Umesema Babu alistaafu kwa sababu za kiafya. Mimi niligeuza pareto siku aliyorudi juu ya lori, alikuwa mzima kabisa. Tuambie wewe uliyekuwepo. Kwenye kile kikao, nani alisimama akasema anawaharibu vijana?"

Mkuu wa chuo akajongea, akaninong'oneza, "Mama, labda tuendelee na ratiba." Sikumtazama.

"Zilikuwa nyakati ngumu," Baba Mdogo akasema hatimaye. "Ninyi mlikuwa watoto. Hamjui."

"Ule mlima wa kwenye kitabu chako uko wapi? Tupeleke tukauone. Kule kwenu hakuna hata kichuguu."

Mtu mmoja akacheka nyuma, kisha akajizuia. Baba Mdogo akageuka kutafuta nani wa kumsaidia. Aliyeinuka alikuwa mama mmoja mwenye mvi, jaji mstaafu, ambaye ujanani alikaa madirishani akimsikiliza Babu. Hakunisalimia wala kuniangalia. Alisema tu, polepole, kama anasoma hukumu: "Mimi nilikuwa mjumbe wa wanafunzi kwenye kikao kile. Aliyesimama ni huyu. Na asubuhi ya ukungu nilikuwepo barazani Igowole. Aliyejibu ni huyu mtoto." Akaketi, akaongeza: "Niliogopa kusema siku zote hizi. Leo siogopi."

Rafiki yangu, kuna utamu ambao mtu hapaswi kuusifia, lakini siwezi kukudanganya. Nilimtazama uso wake ukivunjika, na niliutazama mpaka mwisho, kwa ajili ya Bibi. Yule mjukuu alimwachia kiwiko. Si kwa ukali. Aliuondoa mkono tu, akautia mfukoni. Mzee akashuka ngazi peke yake, mkongojo ukigonga mbao, na hakuna aliyempisha wala kumzuia.

Jina la Babu liko juu ya mlango wa ukumbi ule mpaka leo. Yule kijana mhadhiri amekusanya wazee waliomsikiliza, anawarekodi mmoja mmoja, na wanafunzi wake wanakwenda kuwasikiliza na kubishana nao. Naambiwa kile kitabu bado kinasomwa, ila darasani sasa wanaanza kwa kuulizana ni cha nani.

Mwezi uliopita Baba Mdogo alinipigia. Alikuwa anapumua kwa shida. Aliomba nimruhusu aende Igowole akapige magoti kaburini kabla hajafa. Mama yangu aliyekuwa kando yangu alisikia, akanitingishia kichwa kuashiria nikubali. Nilimwambia hapana. Akalia. Nikasubiri amalize kulia, nikamwambia hapana tena, nikakata simu. Mama hakunisemesha mpaka kesho yake.

Nimekwenda mwenyewe Igowole baada ya hapo. Nyumba imeanguka upande mmoja, na shamba la pareto limepandwa misonobari hadi ukingoni mwa baraza. Bado mipichesi inazaa, matunda hayana wa kuyala. Mgema alishakufa, na watoto niliowakuta njiani walinisalimia kwa heshima wakapita na simu zao. Hawajui kwamba pale palikuwa na watu wanabishana tangu alfajiri mpaka chai inapoa.

Nilisimama penye chumba cha mbele. Watu wanadhani ninachomkasirikia Baba Mdogo ni kiti cha Babu, au maneno yangu ya utotoni. Hayo yamesharudi. Lakini tangu siku ile ya lori, Bibi, aliyekuwa akimfunga vifungo kijana asiyemjua, hakumkaribisha tena mgeni yeyote kulala nyumbani kwake. Wakija wasafiri jioni, mvua inanyesha, aliwapa maji ya kunywa wakiwa wamesimama nje, akawaonyesha njia. Na mimi, mtoto, nilisimama nyuma yake nikiwaangalia wakiondoka, nikaona ni sawa.