Mahakama Iliyokokotwa na Ng'ombe

Watu wakisema shangazi yangu Keziah Stroud alikuwa na kinywa kibaya, mimi huwauliza: wewe ungekuwa na kipi?

Kaunti yetu ya Tamsett, hapa Nebraska, Marekani, ilipoanzishwa ilikuwa nyasi na upepo tu. Yeye na mumewe Alvah walimega shamba lao ijengwe mahakama, na mji wa Orrin ukaota kuizunguka. Maji hayakuwepo. Alvah akashuka kuchimba kisima cha mahakama, udongo ukamfukia. Alitolewa maiti. Wenzake wakamalizia kuchimba, majaji wakanywa.

Kisha reli ikapita Pruett, mji wa kusini, na ikapigwa kura makao makuu ya kaunti, pamoja na mahakama, yahamie huko. Kura yenyewe! Hata wapita njia walipiga. Asubuhi moja ya Januari wanaume wa Pruett wakaja, wakaikalisha mahakama ya mbao juu ya magogo, wakafunga ng'ombe waikokote juu ya theluji.

Shangazi aliingia, akakalia kiti cha jaji, shoka mapajani.

"Bi Stroud, toka bwana, unatuchelewesha," alisema kiongozi wao, Lemuel Gault.

"Na kisima je? Mtakikokota nacho?"

"Kibaki. Kwetu maji tele."

"Kumbe Alvah alikufa bure! Haya kokoteni, wezi wakubwa ninyi!"

Wakacheka, wakaikokota naye akiwa ndani. Walipofika mteremko wa kijito, akaruka nje akakata kwa shoka kamba zilizolishikilia jengo. Jengo likaporomoka, likavunjika vipande kwenye barafu.

"Una wazimu, mama!" Gault alipiga kelele.

"Mwenye wazimu ni anayeiba nyumba mchana kweupe!"

Haikusaidia. Pruett walijenga mahakama ya matofali, na watu wa Orrin wakahama mmoja mmoja kuifuata reli. Shangazi alibaki Orrin peke yake.

Miaka mingi baadaye kaunti ikafanya sherehe ya kuanzishwa kwake. Gault, mzee sasa, akapandishwa jukwaani na kuitwa baba wa Tamsett. Shangazi alisimama katikati ya watu.

"Baba wa nini? Huyu hajachimba hata shimo la choo! Alvah Stroud! Litajeni hilo jina!"

Hakuna aliyelitaja. Askari walimtoa wamemshika mikono yote miwili, mimi nikiwafuata nyuma.

Kesho yake alipanda viazi, akiichoma ardhi kwa jembe kama anayeua nyoka.