Dozi na Mizani ya Tajiri

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika pale kwenye yadi ya kunenepesha ng'ombe. Kila mtu alimwita Dozi, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko ovaroli aliyopewa kazini. Kazi yake ilikuwa kuchanja ng'ombe wanaoingia, kuwapulizia dawa ya kupe na kuwanywesha ya minyoo. Ungemwona anavyotembea na bomba la dawa begani ungedhani ameitwa ikulu. Nyumbani mkewe humwuliza, kwa upole kabisa, kama daktari angependa kunawa miguu kabla ya kupanda kitandani.

Lakini tusimwonee, kazi aliijua. Ng'ombe akishabanwa kwenye kichochoro cha mbao, haendi mbele wala harudi nyuma, Dozi alimchoma chanjo shingoni kabla mnyama hajajua kimempata nini. Chanjo haikumuumiza kichwa, maana kila ng'ombe hupata kiasi kilekile, mkubwa kwa mdogo. Raha yake ilikuwa dawa ya minyoo, ambayo hutolewa kwa uzito. Hapo ndipo alipojidai. Alisoma mizani, akapiga hesabu kwa midomo, akapima dawa huku amefumba jicho moja, na ole wake mfanyakazi aliyemwambia aongeze kidogo. Kuongeza kidogo, aliwajibu, ni mambo ya jikoni.

Sasa mizani yenyewe ilikuwa inapunja. Tajiri, mwenye yadi, alinunua ng'ombe kwa uzito kutoka kwa wafugaji, na siku moja alimvuta Dozi pembeni akamwomba aichezee mizani kidogo, isome chini. Dozi akaingia chini ya jukwaa na spana yake, akafanya kazi safi, akapewa sifa zake. Tangu hapo kila ng'ombe aliyepanda pale alikonda papo hapo bila kuugua. Na mtu huyohuyo aliyeiharibu mizani kwa mkono wake ndiye aliyeisoma kila siku na kupimia dawa, kwa imani yote. Msiniulize kichwa kile kilifanyaje kazi. Mizani ya kununulia na mizani ya kutibia, kwake zilikuwa mbili.

Basi ng'ombe mzito akapewa dawa ya ng'ombe mwembamba, na minyoo wakaishi humo tumboni raha mustarehe. Ng'ombe walikula pumba kutwa kucha, mbavu zikabaki zinahesabika. Wanunuzi wa nyama walikuja, wakatazama, wakaaga. Tajiri akaja juu. Akasema anamwita daktari wa mifugo, na wakionekana minyoo, Dozi akatafute yadi nyingine. Dozi alikosa raha. Kufukuzwa kulimuuma, ndiyo, lakini kilichomuuma zaidi ni watu kuja kusema kwamba Dozi hajui dozi.

Daktari alifika siku ya kununua ng'ombe, wafugaji wamejaa getini na mifugo yao. Alichukua kinyesi kibichi, akakitazama kwa hadubini pale dirishani ofisini, akatoka akisema mayai ya minyoo ni tele. Dawa yenyewe ni nzuri, akaeleza, ila inaelekea ng'ombe wanapewa pungufu, na dawa pungufu huwazoesha minyoo. Akauliza uzito wanaupimaje. Tajiri akawatupia jicho wafugaji, ambao walikuwa wametega masikio.

"Mizani yangu haina kasoro," alisema kwa sauti ya kufika getini. "Aliyekosea ni huyu."

Kisha akamsogelea Dozi akamnong'oneza akubali tu, kazi yake ipo palepale, hata mshahara utaangaliwa.

Hapo angenyamaza, watoto wangekula. Lakini jamani, majivuno ni ugonjwa! Mtu aliyewapunja wafugaji muda wote ule bila hata kukohoa, sasa alishindwa kuvumilia kusingiziwa tone la dawa. Damu ikamchemka.

"Mimi sijakosea dozi hata siku moja," alisema. "Mizani ndiyo inayopunja."

Kukachafuka. Wafugaji waliruka ua wakamzunguka Tajiri. Tajiri, katikati ya kusukumwa, akapata nafasi ya kumfukuza Dozi kazi. Daktari akakumbuka kwamba ana safari. Wafugaji wengine wakambeba Dozi juujuu hadi nje, wakimwita mkweli, mtetezi wa wanyonge. Yeye alikuwa bado anajaribu kuwaeleza habari za vipimo vya dawa, hakuna aliyemsikiliza, lakini kubebwa kulikuwa kutamu mno, akaacha kueleza.

Walipomtua, mama mmoja mtu mzima alikuwa amesimama na kamba ya mtamba wake mkononi. Hakuwa akishangilia.

"Mwanangu," alisema, "fahali wangu nilimleta hapa. Uzito uliponishangaza nilikuuliza wewe, sikumwuliza tajiri. Ukaniambia, mama, mizani haidanganyi."

Wenzake wakamgeukia Dozi. Haya zikamvaa mwili mzima, kwa sababu fahali alimkumbuka vizuri sana, rangi yake, pembe zake, hata kiasi cha dawa alichomnywesha. Uso wa mama huyu ndio hakuukumbuka kabisa.