Mimba Tuliyoificha Matiri

Ephrasia ni mke wa kaka yangu Pankras, na hapa Matiri sijaona mwanamke anayechimba mashimo ya ngolo, yale ya kilimo chetu cha milimani, haraka kama yeye. Mimi wifi yake hujitahidi, naye huniacha mbali huku anacheka.

Mtoto wake wa kwanza, Lidia, alizaliwa mzima. Wawili waliofuata walifia tumboni. Watu wakaanza kunong'ona, na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamshauri alipopata mimba nyingine: "Wifi, safari hii usimwambie mtu. Hata zahanati usiende mapema, lile benchi lina macho." Kwetu mimba haitangazwi, ya aliyefiwa ndiyo kabisa. Akajifunga kanga mbili, akaendelea kuchuma kahawa.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, mtoto akapunguza kucheza. Nikampeleka Mbinga mjini kwa daktari bingwa mgeni, aliyekuja na mashine ya altrasaundi. Alikitembeza kile kifaa tumboni bila kusema neno, mpaka nikamchukia. Kisha akatugeuzia kioo.

"Mama, damu yako haipatani na ya mtoto, inaiharibu. Ona, mwili wake umejaa maji. Moyo umechoka."

"Hakuna dawa, daktari?" Ephrasia aliuliza.

"Njia ipo. Tunamwangalia kwenye picha kama hivi, tunapitisha sindano tumboni hadi kwenye mshipa wa kitovu, tunamwongezea damu akiwa humo humo. Hapa haifanyiki, ni safari ya mbali. Na huanza kabla mtoto hajavimba. Mngekuja mwezi wa tano ningewaandikia barua siku hiyo hiyo. Sasa siwezi kuwadanganya."

Nilitamani kumtukana. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakusubiri, yalinikuta pale pale mbele ya kioo. Ephrasia aliomba aoneshwe moyo. Daktari akamwonesha kwa kidole, kidoa kinachopigapiga polepole, naye akakitazama mpaka tukaombwa kumpisha mwingine.

Siku ya nne moyo ule ukanyamaza. Alikuwa wa kiume.

Wanawake walikuja kutupa pole, wakajaa mkekani. Mama Nazari, ambaye hajui kujizuia, akauliza nani alimshauri Ephrasia kujificha hivyo wakati kliniki ipo.

"Hakuna," Ephrasia akajibu. "Niliamua mwenyewe."

Nilikuwa nimekaa ubavuni pake, bega kwa bega. Sikufungua mdomo.