Maharagi Yaliyovaa Mawese

Nakubali mwanzoni kabisa: aibu hii nilijitafutia mwenyewe, tena kwa utaratibu, nikiwa na daftari mkononi. Mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani hapa Butembo, sikumaliza sekondari, lakini tangu Ebola ilipotutesa mimi husoma juu ya virusi (Kifaransa kwa msaada wa kamusi, ukurasa mmoja kwa juma), na jambo lililonishika ni hili: kirusi cha Ebola kina protini inayokitandika kwa ndani, na protini hiyo, ikiwa ndani ya chembe ya mwili wetu, huenda kushika aina fulani ya mafuta kwenye utando wa chembe, hujikusanya pale, husukuma utando mpaka utokeze kama chipukizi, na kirusi hutoka nje kimevaa koti la mafuta yetu wenyewe. Wataalamu wanatafuta dawa ya kuizuia isishike mafuta hayo, maana ikikosa pa kushika, kirusi kitakwama humo ndani. Niliwaza jambo hilo hata nikikaza skrubu.

Basi Jumapili moja, baada ya misa, watu wa shirika letu la kanisa wakaniomba niwaeleze. Ningeweza kuchora. Nikaamua (uamuzi wa dakika moja tu) kutumia mawese: nikachovya maharagi meupe kwenye bakuli, yakatoka mekundu, nikasema koti ndilo hili, kisha nikayaosha kwa sabuni, koti likatoka. Walipendezwa sana. Mtu akauliza mawese nimeyatoa wapi, nami, kwa kuwa napenda usahihi, nikasema ni ya mama mkwe wangu, Mama Masika, anayeuza sokoni mafuta yanayotoka Beni, upande wa Mbau.

Jumanne mke wangu akaniambia kwamba mama yake hajauza hata chupa moja. Watu walisahau protini, walisahau sabuni. Walichorudi nacho nyumbani ni kwamba fundi ameonyesha Ebola ndani ya mawese ya Mama Masika, na bidoni zake tatu (yaani madumu), riziki ya mwezi mzima, zimekaa tu.

Asubuhi iliyofuata nikaenda sokoni na daftari (ndiyo, daftari). Nikaanza kueleza tofauti ya mafuta ya chembe na mafuta ya kupikia, na kadiri nilivyoeleza ndivyo watu walivyosogea mbali na meza yake, mpaka muuza ndizi mmoja akanikata: "Papa Kambale, maneno iko mingi. Kama mafuta iko muzuri, kunywa."

Mimi sijawahi hata kula mbele ya mama mkwe wangu. Ndiyo heshima yetu. Nilimtazama, naye akatazama chini, akajaza kikombe. Asubuhi ya Butembo ni baridi, mawese yalikuwa yameanza kuganda, kwa hiyo siwezi kusema niliyanywa, niliyatafuna, yote. Wanawake wawili wakanunua papo hapo. Ningeondoka wakati ule, ningekuwa shujaa.

Lakini mtu akauliza ile dawa inayotafutwa na wataalamu itaizuiaje protini, na swali zuri mimi siwezi kuliacha. Nusu saa baadaye nilikuwa bado najibu, tumbo likaniita. Choo cha soko kina kufuli, ufunguo hukaa kwa mlinzi upande wa pili, nami nikasimama nimebana miguu, daftari kifuani, mpaka Mama Masika, ambaye kwa miaka kumi na tisa amesema nami kwa sauti ya chini tu, akapaza sauti soko zima lisikie: "Mupatie mukwe wangu ufunguo. Hapana Ebola, ni mafuta tu."

Nilipotoka, watu walikuwa wanacheka na kununua. Kufikia adhuhuri ilibaki bidoni moja.

Nimeapa: tangu siku hiyo naeleza kwa chaki, sigusi tena kitu ambacho mtu anakiuza. Juma lililofuata nilipita sokoni kumsalimu. Akiangalia pembeni kama kawaida yake, akaniuliza, "Lakini mukwe, ile protini, ikikosa mafuta ya kushika, inabakia wapi?"

Nilifurahi mno. Nikatafuta cha kumwonyesha, na mkono ulikuwa umeshafika kwenye sabuni anazouza jirani yake nilipoushtukia. Nikaurudisha mfukoni, nikatoa chaki.