Nilipowaita Wateja Usingizini

Nilipokuwa mtoto, kila nilipolala kwa bibi yangu mzaa baba kule Ibaba niliulizwa maswali mawili kabla hata sijanawa uso. La kwanza, nimeota nini. La pili, hao niliowaota walikuwa wanaongea lugha gani. Hilo la pili ndilo lililokuwa zito. Bibi aliamini, kama wazee wengi wa pale mlimani, kwamba mtu akiota kwa lugha ya ugenini basi roho yake imekwisha kukaribishwa huko. Na akila chakula ndotoni, imepewa hata kiti, mwili utaifuata tu. Bibi alikuwa mzee wa kanisa na mwimbaji wa kwaya, na sikuwahi kuona imani hizo mbili zikigombana ndani yake.

Mwaka ule nilikuwa darasa la tano, nikiishi Tunduma kwa shangazi Tumpe, dada yake baba. Hakuwa na mtoto, akaomba nikae naye nisome. Shuleni tuliongea Kiswahili, si Kindali cha kwetu. Jioni nilikaa naye kwenye meza yake ya vitenge karibu na mpaka, na kwa kuwa wateja wake wengi walikuwa akina mama wa Zambia, haikupita miezi mingi nikawa nawaita kwa Kibemba bila kufikiri. Shangazi alijivuna. "Huyu ana ulimi mwepesi," aliwaambia wenzake.

Likizo ya Juni nikapanda Ibaba. Baridi ya mwezi huo kwetu ni ya kulala wawili kitanda kimoja, kwa hiyo nililala na bibi. Asubuhi ya tatu nikamkuta ameketi pembeni ya kitanda, blanketi mabegani, ananitazama kama mtu anayesubiri mgonjwa azinduke.

"Tusekile, umeongea usingizini."

"Nimesema nini, bibi?"

"Ningejua, ningekuuliza?" Akavuta pumzi, akajaribu kuiga: "Iseni, iseni mukwai. Tena ulikuwa unacheka."

Nikacheka upya. Nikamweleza kwamba nilikuwa nawakaribisha wateja wa shangazi, kwa Kibemba. Bibi hakucheka.

"Na ulikula?"

Saa ile ya asubuhi uongo ulikuwa bado haujaamka kichwani mwangu. Nikasema nilikula andazi. Bibi akajishika kiuno, akatoka kwenda jikoni alikokuwa baba, bila hata kuvaa ndala.

"Haendi Tunduma mpaka aote kwa Kindali," nilimsikia akisema. "Na nimsikie mwenyewe kwa masikio yangu."

"Mama, shule inafunguliwa Jumatatu ijayo."

"Shule ina miguu? Itamsubiri."

Baba yangu, ambaye wanunuzi wa viazi walimwogopa kwa ubishi, aliinama akaanza kuchochea moto. Mimi machozi yalinilenga. Niliipenda shule ile. Nilikuwa na rafiki niliyekaa naye dawati moja, na mwalimu alikuwa ameanza kuniita mbele nisome kwa sauti.

Matibabu yakaanza siku hiyohiyo. Kiswahili kilipigwa marufuku nyumbani. Bibi aliniombea kwa Kindali, maombi marefu, akimtajia Mungu koo zetu zote ili asinichanganye na mtoto wa watu wengine. Akanilisha viazi vya kuchoma asubuhi na jioni, roho ishibe nyumbani. Lakini ndoto haiagizwi. Usiku wa kwanza sikuota kitu. Wa pili nikamwota mwalimu akinigombeza kwa Kiswahili. Wa tatu nikamwota mbwa. Bibi alilifikiria sana suala la mbwa, mwisho akaamua haliwezi kuhesabika.

Ikafika Jumamosi. Alfajiri, jogoo wa jirani ameshawika, nikaona hakuna njia nyingine. Nikafumba macho, nikaanza kupumua kwa nguvu kama mtu aliyelala fofofo, kisha nikatamka kwa Kindali maneno niliyoyapanga tangu jana yake: kwamba namsalimu bibi yangu na watu wote wa nyumba yake, kwamba nimerudi kwetu, na viazi vya kwetu ni vitamu kuliko maandazi yote.

Kisha bibi akauliza taratibu, "Vimekolea chumvi?"

"Vimekolea, bibi, ahsante."

Kitanda kilianza kutikisika. Nilidhani analia. Nilipofumbua jicho moja nikamwona amejifunika mdomo kwa blanketi, anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Mtu aliyelala hujibu maswali na kushukuru?"

Nikakiri, nikaanza kulia kwa aibu. Akanivuta kwake. "Nyamaza. Anayeweza kunidanganya kwa Kindali safi namna hii hajapotea."

Ndipo aliponiambia habari za kaka yake. Alikwenda kufanya kazi migodini Zambia, bibi akiwa msichana. Alirudi likizo mara moja, na usiku aliongea Kibemba. Wadogo zake walimcheka, wakamwiga siku nzima. Akaondoka, hakuonekana tena, wala barua haikuja.

"Hatukumuuliza alikuwa anaongea na nani," bibi alisema. "Labda alikuwa na rafiki huko. Labda alikuwa na mke. Sisi tulicheka tu."

Jumatatu sikupanda lori la viazi peke yangu. Bibi alikaa mbele na dereva, amevaa gauni lake la kanisani, mfuko wa njegere magotini. Hakuwa amewahi kufika mpakani. Baba alipomuuliza anafuata nini, alijibu kwamba hawezi kumwacha mjukuu wake kwa watu asiowajua.

Tunduma haikumtisha. Alikaa kwenye meza ya shangazi akiwakagua wapita njia. Mara akaja mama mmoja wa Zambia, mteja wa zamani. Alipomwona mzee, akapiga magoti palepale kwenye vumbi, akapiga makofi taratibu, akasema, "Mwapoleni, mayo."

"Anasemaje?" bibi akauliza.

"Anakusalimu, Mama," shangazi akajibu. "Amekuita mama."

Bibi akamshika mkono, akamwinua. Kisha akanituma nimuulize kama amewahi kusikia habari za yule kaka wa bibi aliyepotelea migodini, akamtaja kwa jina. Yule mama akatikisa kichwa kwa huruma. Zambia ni kubwa. Bibi akampa njegere za kujaa mikono yote miwili. Kesho yake alirudi Ibaba na maneno matatu ya Kibemba, na baba aliniambia kwamba kwa mwezi mzima majirani hawakupumzika kusalimiwa kwa hayo matatu.

Sasa mimi ni mtu mzima, naishi Tunduma hii hii, na mume wangu ameacha kuhesabu lugha ninazoongea usingizini. Bibi tulikwisha kumzika. Sijui kama roho husafiri tunapolala, na siku hizi simbishii anayesema ndiyo. Ninachojua ni kwamba mwanamke yule aliamka kabla ya jua, juma zima, kusikiliza mtoto anasema nini, kwa sababu zamani alishindwa kumsikiliza kaka yake. Wengi wamenipenda tangu wakati huo. Ni yeye tu aliyetaka kuwajua watu wa ndotoni mwangu, akafunga safari, akaenda kuwasalimia.