Pumba Kwenye Bastola ya Mzee Rubeni

Mume wangu Hezron hununua kahawa hapa Igamba na vijiji vya Isansa, na msimu ukichanganya hutembea na fedha njiani. Mwaka jana Mzee Rubeni, jirani yetu na mzee wa kanisa, aliacha biashara hiyo kwa sababu ya magoti, akamuuzia bastola yake. Walifuata taratibu zote za polisi, kibali kikabadilishwa jina. Rubeni aliikabidhi imefutwa vizuri, akasema, "Mwanangu, hii haijawahi kunisumbua."

Hezron hawezi kuona chuma akakiacha. Siku hiyohiyo aliipaka grisi ya mashine ya kumenyea kahawa, ndani na nje. Polisi walimwagiza aitunze kwenye kasha la kufuli, yeye akaona mwizi ataondoka na kasha lenyewe. Akaizika kwenye pipa la pumba za mahindi, maana huko ndiko marehemu baba yake alikoficha kila kitu cha thamani. Mimi mwenyewe nilimshikia mfuniko.

Siku ya ukaguzi wa silaha ilimwaibisha mbele ya askari. Risasi ya kwanza ilitoka, ganda likabaki ndani, ya pili ikagoma. Askari walicheka. Alirudi nyumbani amevimba, na Jumapili akawaambia wazee wa kanisa kwamba Rubeni amemuuzia kitu kibovu huku akijua. Mimi, ambaye mdomo wangu hauna breki, nililipeleka neno hilo kwenye ushirika wa akina mama wa kila Alhamisi. "Mzee anatusomea Neno, kumbe anauza vyuma vibovu," nikasema, na Elizabeti mkewe amekaa benchi la pili. Wiki hiyo Rubeni alisimamishwa uzee wa kanisa, akawa anakaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Ndipo tukaenda Tunduma kwa Rabson, fundi wa silaha mwenye leseni. Alihakikisha haina risasi, akaifungua, akapanga vipande juu ya kitambaa cheupe. Akabonyeza springi ya magazini, nzima. Akachungulia mtutu, haukuwa na kasoro. Halafu akachukua sindano, akachokonoa chini ya ndoano ndogo inayovuta ganda litoke. Kikatoka kitu cha njano, kimeganda kama kiporo cha ugali. Akakinusa.

"Mama, hii silaha huwa mnailisha?"

Sikuweza kucheka.

"Ni pumba," akasema. "Zimenata kwenye grisi, ndoano inashindwa kushika ganda."

"Labda na uchakavu upo, fundi?" Hezron aliuliza, na nilisikia anavyoomba upatikane.

"Hakuna. Aliyekuuzia aliitunza kuliko wewe."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na mkoba wangu.

Njiani Hezron akasema, "Mama Nesta, tuseme tu fundi ameitengeneza. Mambo yaishe." Ningependa kuandika kwamba nilikataa palepale. Sikukataa. Tumefika Mlowo nimeshakubali, hata maneno ya kusema nimeshayapanga. Kilichonishinda ni kupita mbele ya nyumba ya Rubeni na kumwona anapalilia kahawa yake amekaa kwenye kigoda, magoti yamekataa kupinda. Aliinua mkono kutusalimu. Baada ya yote yale, akatusalimu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Jumatano jioni tukaenda kwao. Elizabeti akatukaribisha, akaleta chai. Hezron akashika kikombe, akakohoa, akasema, "Mzee, ile bastola imepona."

"Afadhali," Rubeni akajibu.

Basi, Hezron akaishia hapo! Mwanaume mzima, anayepiga kelele mnadani mpaka anasikika kijiji cha pili. Nikaweka kikombe chini.

"Haikuwa inaumwa, baba," nikasema. "Ni pumba zetu na grisi yetu. Tumekusingizia." Nikamgeukia Elizabeti. "Mama Enoka, na wewe nimekudhalilisha. Nisameheni." Nilikuwa nalia, na sikujali.

Rubeni aliinama, akajifuta uso kwa kiganja. "Nilijiuliza sana wapi nilikosea," akasema. "Nilifikiri labda uzee umenisahaulisha kitu."

Elizabeti hakulia. Alinijazia chai upya, taratibu, kisha akakaa.

"Mama Nesta, nimekusamehe. Lakini hapa ndani tuko wanne. Siku ile ulipomsema mume wangu, tulikuwa wangapi?"

"Thelathini na tisa."

"Kesho ni Alhamisi," akasema. "Tutakuwepo wote."